Mwili ndo chombo: jinsi mwendo wa dansa unavyogeuzwa kuwa sauti

Siku hizi zinazunguka video nyingi za dansa yuko peke yake jukwaani, kavaa kidude kidogo mkononi au kwenye kifundo cha mguu, akinyanyua mkono sauti inapanda, akizunguka inavuma, akitua chini besi inapiga mpaka spika zinatikisika, na watazamaji wanabaki wanabishana kama ni yeye anaufuata muziki au muziki ndo unamfuata yeye. Pale ambapo kazi imefanywa kweli, muziki ndo unamfuata. Hakuna wimbo uliorekodiwa unaopigwa nyuma yake. Akisimama, sauti nayo inakata, akibadilisha mawazo katikati ya hatua, sauti inabadilika naye.

Sasa inafanyikaje? Kuna mambo matatu yanapita haraka sana, moja nyuma ya lingine. Kitu fulani kinaupima mwili, iwe kimevaliwa au kinaangalia kutoka mbali, halafu kinatoa namba. Namba zinaingia kwenye programu ambayo inaamua namba hii itakuwa na maana gani. Mwisho sauti inatengenezwa na kupelekwa kwenye spika. Watu wengi wakiulizia hii kitu wanaulizia hatua ya kwanza tu, sensa gani (sensa hapa ni kile kidude kinachopima mwendo), bei gani, inapatikana wapi, na naelewa, manake ndo kitu pekee kinachoonekana kwa macho. Ila ninachoamini nakisema mapema kabisa: sensa ndo sehemu rahisi. Ugumu wote na uzuri wote uko pale katikati, kwenye kuamua, na wasanii wamekuwa wakipambana na hiyo katikati kwa karibu miaka mia sasa.

Turudi nyuma kidogo. Karibu mwaka 1920 mwanafizikia wa Urusi, Lev Termen, ambaye huko Magharibi wanamjua kama Leon Theremin, alitengeneza chombo cha muziki kinachopigwa bila kuguswa. Unasimama mbele yake, mkono mmoja ukiusogeza karibu na antena unaongoza wembamba na unene wa sauti, mkono mwingine kwenye antena ya pili unaongoza ukubwa wake. Ndani kuna saketi mbili zinazotetema kwa kasi ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia, laki kadhaa za mitetemo kwa sekunde. Moja imetulia, ya pili imeunganishwa na antena. Mwili wa mtu umejaa maji na chumvi, unapitisha umeme, kwa hiyo ukisogelea antena unakuwa sehemu ya saketi hata kama hujagusa chochote, na ule mtetemo wa pili unabadilika kidogo. Chombo kinachanganya mitetemo yote miwili na kukupa tofauti yake. Yaani kama moja inatetema mara 500,000 kwa sekunde na nyingine mara 500,440, tofauti ni 440, na 440 ndo ile noti ambayo okestra nyingi zinatyunia vyombo vyao.

Termen alipokuwa New York akaona, kama mikono miwili inaweza kupiga chombo, kwa nini isiwe mwili mzima? Ndo akaunda kitu kilichoitwa terpsitone, jukwaa dogo lenye bamba la chuma lililofichwa chini ya sakafu likifanya kazi ya antena. Dansa akijinyoosha sauti inapanda, akijiinamisha inashuka, na ukubwa wa sauti ulikuwa unaongozwa na mtu mwingine aliyekaa pembeni ya jukwaa. Kilionyeshwa kwenye ukumbi wa Carnegie Hall tarehe 1 Aprili 1932. Na wazo lilikuwa zuri kweli, ila madansa walishindwa kukipiga, aliyekiweza ni Clara Rockmore, na Clara hakuwa dansa, alikuwa mtu wa violini ambaye tayari alikuwa bingwa wa kile chombo cha kwanza cha antena.

Kwa nini madansa washindwe kitu kilichotengenezwa kwa ajili yao? Angalia kilichoamuliwa pale katikati. Mwili mzima, mikono, magoti, kiuno, kichwa, kila kitu kinabanwa kuwa namba moja tu, halafu hiyo namba moja inapewa kazi ya kuongoza wembamba na unene wa sauti, ambao ndo kitu sikio letu linakikagua kwa ukali kuliko vyote. Noti moja na jirani yake zinatofautiana kwa asilimia 6 tu hivi ya mitetemo, na sikio linagundua kosa dogo kuliko hilo kwa mbali. Maana yake ukipumua tu noti inayumba, ukihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine umetoka kabisa kwenye wimbo. Ili upige wimbo unaoeleweka inabidi uudhibiti mwili kiasi kwamba dansi yenyewe inabaki kidogo sana. Clara aliweza kwa sababu alikuwa na sikio la violini na nidhamu ya kutulia, na madansa walifundishwa maisha yao yote kutotulia. Umeme wa kile chombo haukuwa na shida yoyote, kilichokosewa ni uamuzi.

Miaka 33 baadaye jaribio lingine likaenda upande wa pili kabisa. Tarehe 23 Julai 1965, Philharmonic Hall ya Lincoln Center, New York hiyohiyo, mtunzi wa muziki John Cage na mtunzi wa dansi Merce Cunningham walionyesha kazi inayoitwa Variations V. Jukwaani zilisimamishwa antena za urefu wa kama mita moja na nusu zilizotengenezwa na Robert Moog, yuleyule wa sintesaiza (chombo kinachotengeneza sauti kwa umeme), pamoja na vihisi mwanga. Dansa akipita karibu na antena, au akikatiza mwanga, mfumo unafungua njia kwa sauti kutoka kwenye tepurekoda na redio za masafa mafupi. Kulikuwa hadi na mmea kwenye chungu uliofungwa maikrofoni ndogo ili ukiguswa usikike, na mwishoni Cunningham alikatiza kati ya zile antena akiwa juu ya baiskeli. Lakini sauti haikutoka moja kwa moja. Wanamuziki, akiwemo Cage mwenyewe na David Tudor, walikuwa kwenye mitambo wanaamua kipi kisikike na kipi kizimwe, kwa hiyo dansa anaweza kupita pale kwenye antena na asisikie chochote, au akasikia kitu ambacho hakikutokana na yeye kabisa. Kwa Cage hilo halikuwa tatizo, alikuwa anapenda bahati iingie kwenye muziki. Ila kama lengo lako ni dansa apige chombo, hapa hapigi, anabonyeza kengele ya mlango wa nyumba ambayo wenyewe wanaweza wasifungue.

Kwa hiyo una kazi mbili zimesimama kwenye ncha mbili. Kwenye terpsitone kila mtikisiko wa mwili unasikika, mpaka unakuwa mzigo. Kwenye Variations V mwili unaleta sauti lakini mwenye mwili hawezi kuitegemea. Karibu kila kitu kilichofuata kinatafuta mahali pa kukaa kati ya hizo mbili.

Upande wa kuangalia kutoka mbali, mtu wa kumjua ni msanii David Rokeby wa Kanada. Mwaka 1983, kamera ya video ya kuunganisha na kompyuta ikiwa ni kitu cha shida, alijitengenezea kamera zake mwenyewe za nukta 8 kwa 8, yaani picha nzima ina nukta 64 tu, akaziunganisha na kompyuta ya Apple II. Nukta 64! Simu yako inapiga picha ya nukta mamilioni. Lakini kwa kazi yake zilitosha, kwa sababu hakuhitaji kuona sura ya mtu, alihitaji kujua wapi kuna mtikisiko na mkubwa kiasi gani. Njia yake ni rahisi kuielewa, unachukua picha moja na inayofuata, unatoa moja kwa nyingine, nukta ambazo hazikubadilika zinakuwa sifuri, zilizobadilika ndo mwendo. Kazi hiyo ilikua ikawa Very Nervous System, ilionyeshwa Venice kwenye Biennale, maonyesho makubwa ya sanaa, mwaka 1986, na yeyote aliyeingia kwenye ile nafasi, dansa au si dansa, alianza kusikia mwili wake.

Baadaye ikaja Kinect ya Microsoft, 2010, ambayo ilikuwa ya kuchezea gemu lakini wasanii waliiteka haraka. Yenyewe inarusha nukta za mwanga usioonekana, inapima umbali, halafu inakisia viungo 20 vya mwili, mabega, viwiko, magoti, mara 30 kwa sekunde. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuuliza kompyuta "mkono wa kulia uko wapi?" na akajibiwa. Raha ya kamera ni kwamba dansa havai chochote. Shida yake ni kwamba akigeuka mgongo, au dansa mmoja akimziba mwenzake, au taa za jukwaani zikibadilika ghafla, kamera inaanza kubahatisha, na picha 30 kwa sekunde maana yake kati ya picha na picha kuna milisekunde 33 (sekunde moja ina milisekunde 1,000) ambazo haioni kitu.

Upande wa kuvaa, Mark Coniglio wa Marekani mwaka 1989 alitengeneza MidiDancer, vihisi vya kupinda vinavyokaa kwenye viungo kama goti na kiwiko, vikituma data bila waya kwenda kwenye kompyuta kwa lugha ya MIDI. MIDI ilikuja 1983 ili kinanda cha kampuni hii kiongee na cha kampuni ile, na thamani zake za kawaida zinaenda 0 mpaka 127. Kwa kinanda inatosha, funguo zenyewe kwa kawaida hazizidi 88. Kwa goti la binadamu linalopinda polepole, hatua 128 unaweza kuzisikia zikipanda kama ngazi, tik tik tik, badala ya mteremko. Ndo maana wengi sasa wanatumia OSC, lugha iliyotoka chuo kikuu cha California kule Berkeley mwaka 1997, inayobeba namba zenye desimali na inapita kwenye mtandao wa kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Joe Paradiso na wenzake wa MIT Media Lab, maabara ya chuo kikuu cha MIT kule Marekani, wakaenda mbali zaidi, viatu vya kuchezea dansi vyenye vihisi kibao ndani, shinikizo la unyayo, kupinda kwa soli, kuinama, kuzunguka, kila kiatu kinatoa namba 16. Kutoka namba moja ya Termen mpaka 16 kwa kiatu kimoja, na swali la katikati bado liko palepale, sasa hizi zote tunazifanyia nini?

Siku hizi kinachovaliwa zaidi ni chipu ndogo kuliko ukucha yenye akselerometa na jairoskopu pamoja. Zimo kwenye karibu kila simu janja, ndo zinazofanya ukigeuza simu na picha igeuke. Akselerometa inapima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, kwenye pande tatu, jairoskopu inapima kasi ya kuzunguka, nyuzi ngapi kwa sekunde. Hapa inabidi tukae kidogo kwa sababu ndo wengi wanapopotea.

Watu wanadhani akselerometa inajua mkono uko wapi. Haijui. Iweke mezani imetulia kabisa, itakuonyesha 9.81 (mita kwa sekunde, kila sekunde) kuelekea juu, kwa sababu inachohisi ni meza inavyoizuia isianguke. Iachie ianguke, itaonyesha karibu sifuri. Yaani ikiwa imetulia inasema kuna nguvu, ikiwa inaanguka inasema hakuna kitu, kinyume kabisa na macho yetu yanavyoona. Ukishalielewa hilo inakuwa zawadi. Mfungie dansa chipu kiunoni, akiruka, muda wote akiwa hewani namba zinashuka kuelekea sifuri, akitua zinaruka juu mara kadhaa ya uzito wake. Kwa hiyo unaweza kuiambia programu: namba zikiwa karibu na sifuri, shikilia sauti nyembamba, zikiruka, piga ngoma. Hata kimo cha mruko unakipata kwa muda, nusu sekunde hewani ni kama sentimita 30 kwenda juu. Hakuna kamera, hakuna hesabu ngumu, na mtazamaji anaelewa papo hapo anachokiona.

Lakini ukitaka kutoka kwenye mchapuko uende kwenye mahali, hesabu inakuangusha. Kinadharia unajumlisha mchapuko unapata kasi, unajumlisha kasi unapata umbali. Tatizo chipu ina kosa dogo ambalo haliishi, tuseme 0.05 tu kwenye ile 9.81, na kosa hilo likijumlishwa mara mbili linakua kwa kipeo cha pili cha muda. Baada ya sekunde 10 kompyuta inaamini mkono umehama mita mbili na nusu. Baada ya dakika moja inaamini uko mita 90, nje ya jengo, wakati dansa kasimama palepale. Jairoskopu nayo ina kosa lake, inateleza polepole, ingawa hiyo unaweza kuirekebisha kwa kuikumbusha kila mara wapi ni chini kwa kutumia akselerometa. Wengine wanaongeza dira ya sumaku, sawa, ila jukwaani kuna vyuma na spika zimejaa sumaku, dira inachanganyikiwa.

Kwa hiyo chipu ya kuvaa iulize inachokijua: mwendo una nguvu kiasi gani, kiungo kimelala upande gani kikiwa kimetulia, kinazunguka kwa kasi gani, kimegonga au hakijagonga. Ukitaka kujua kiko wapi, tafuta kamera.

Kuna jambo lingine linaloonekana la kiufundi tu lakini ndo linaamua kama dansa atapenda au atachukia, nalo ni kuchelewa. Sauti hewani inakwenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 za kuchelewa ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye ngoma, hakuna anayelalamika. Sasa anza kujumlisha. Chipu inasomwa mara 100 kwa sekunde, hapo unaweza kupoteza milisekunde 10. Namba zinatetemeka sana kwa hiyo unazilainisha kwa kuchukua wastani wa kumi za mwisho, umeongeza kama 45. Waifai inaongeza chache, na ukumbi ukijaa watu wenye simu inaongeza nyingi bila taarifa. Kompyuta inatengeneza sauti kwa mafungu, zingine sita hivi. Halafu mtu anaunganisha spika ya Bluetooth kwa sababu ni rahisi kubeba, na hapo ameongeza mia au mia mbili. Kwenye muziki wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, robo ya pigo ni 125, yaani dansa anatua na ngoma inalia robo pigo au zaidi baadaye. Mwili unalihisi hilo kabla hata akili haijajua, dansa anaanza kuisubiri mashine, na akishaanza kusubiri ameacha kucheza. Ushauri wangu hapa hauna mjadala: spika za waya, ruta yako mwenyewe, na usilainishe namba zaidi ya inavyohitajika.

Kuna ugumu mwingine kwenye kugonga. Ukiweka kizingiti kimoja, kwamba namba ikivuka hapa piga, mguu ukitua mara moja namba inavuka, inarudi, inavuka tena kwa sababu ya mtetemo wa sakafu, unapata ngoma tatu kwa hatua moja. Dawa yake ni vizingiti viwili, cha juu cha kupiga na cha chini ambacho lazima namba ishuke chini yake kabla ya kuruhusiwa kupiga tena. Kitu kidogo, lakini bila hicho kila kitu kinasikika kama kimeharibika.

Haya, sasa ile katikati yenyewe. Chukua mwendo mmoja, dansa anarusha mkono kutoka pajani mpaka juu ya kichwa. Ukiunganisha mwinamo wa mkono na wembamba wa sauti, umerudi kwenye terpsitone. Unaweza kulikwepa hilo kwa kulazimisha sauti iangukie kwenye noti za skeli tu, yaani zile noti chache za wimbo, na hapo hakuna kutoka nje ya wimbo, ila umepoteza mteremko wa sauti na mkono unasikika kama unapita kwenye funguo za kinanda. Ukiunganisha nguvu ya mrusho na ukubwa wa sauti pamoja na ukali wake, kitu kinabadilika kabisa, mtazamaji anaamini bila kufundishwa, kwa sababu maisha yake yote kitu kikipigwa kwa nguvu zaidi kinalia zaidi na kwa ukali zaidi. Watafiti kama Andy Hunt na Marcelo Wanderley waliandika sana kuhusu hili miaka ya 2000, na hoja mojawapo ni kwamba kuunganisha namba moja na jambo moja, hii na hii, ile na ile, kunachosha haraka kuliko mwendo mmoja kugusa mambo kadhaa ya sauti kwa pamoja. Violini iko hivyo, upinde ukiukandamiza hubadilishi ukubwa peke yake, unabadilisha hadi rangi ya sauti.

Na hapa siwezi kuacha kusema kuhusu njuga. Ukanda wetu umekuwa ukigeuza mwendo kuwa sauti tangu zamani bila betri. Wacheza ngoma wanafunga njuga miguuni, Rwanda wale Intore, wacheza ngoma wao wa jadi, wanavaa zao wanazoziita amayugi, Mjaluo anayepiga nyatiti, chombo cha nyuzi, anafunga njuga ziitwazo gara mguuni na pete ya chuma kwenye dole gumba la mguu anagonga nayo chombo huku anaimba. Ukizichunguza kwa macho ya mtu wa sensa unashangaa jinsi zilivyojibu maswali yote. Hazicheleweshi. Nguvu ya hatua ndo ukubwa wa sauti. Sauti inatoka pale mwendo ulipo, mguuni, wala haitoki kwenye boksi lililo mita kumi pembeni. Na kubwa zaidi, kimya chake kinafanyiwa kazi: mcheza ngoma mzuri anajua kuuweka mguu chini njuga zisilie, halafu azilize zote kwa pigo moja. Hiyo inachukua muda kujifunza, na ule ugumu ndo unaompa heshima jukwaani. Kazi nyingi za sensa ninazoziona zinakosa hapo. Dansa anapungia mkono, wingu la sauti nzuri linatoka, akipungia vingine linatoka wingu lilelile, hakuna anachoweza kukosea kwa hiyo hakuna anachoweza kupatia pia, na mtazamaji baada ya dakika mbili anaacha kuamini.

Hilo la sauti kutoka mahali pa mwendo nalo lina ufumbuzi, si wa bei kubwa. Weka spika ndogo sakafuni karibu na dansa anapochezea, au chini ya jukwaa lenyewe kama ni la mbao, spika kubwa za ukumbi ziongeze tu. Sikio linaamini sauti iliyofika kwanza, kwa hiyo ya karibu na mwili ikifika kabla, ubongo unaipa mwili sauti yote.

Njia mpya zaidi ni kuacha kuandika sheria moja moja na kuifundisha kompyuta kwa mifano. Kule IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki na sauti cha Paris, Frédéric Bevilacqua na wenzake walitengeneza programu ambayo unairekodia mwendo mara moja, halafu ukiurudia inakuambia umefika sehemu gani ya mwendo huo na unakwenda kwa kasi gani, kwa hiyo sauti inaweza kunyooka au kubana pamoja na wewe. Rebecca Fiebrink mwaka 2009 alitoa Wekinator, ya bure, unakaa mkao fulani unaiambia sauti iwe hivi, unakaa mwingine unaiambia iwe vile, yenyewe inajaza katikati. Ninachokipenda hapa ni kwamba dansa mwenyewe anaweza kukaa kwenye kiti cha kuamua, asisubiri mtu wa kompyuta amtafsirie mwili wake.

Pia kuna watu ambao kwao hii si sanaa ya jukwaani peke yake. Robert Wechsler, mtunzi wa dansi aliyefanya kazi Ujerumani kwa miaka mingi, aliongoza utengenezaji wa MotionComposer, kifaa cha kamera kinachowawezesha watu wenye ulemavu kupiga muziki kwa mwendo walio nao. Mtu anayeweza kusogeza kidole tu, au kichwa, kidole hicho kinaongezewa uzito mpaka kinajaza chumba. Pale swali la kuamua linakuwa zito kuliko kwenye tamasha lolote, kwa sababu ukikosea kipimo umemwambia mtu kwamba mwendo wake hausikiki.

Kama unataka kujaribu, simu ya zamani inatosha. Weka apu kama TouchOSC inayotuma namba za akselerometa kwa waifai, kwenye kompyuta weka Pure Data, programu ya bure ya Miller Puckette ambayo unaunganisha maboksi kwa mistari badala ya kuandika kodi, funga simu mkononi kwa bandeji ya mpira isiyocheza, manake simu ikicheza ndani ya bandeji unapima bandeji. Anza na namba moja, nguvu ya mwendo, na sauti moja. Halafu mpe dansa aende nayo wiki nzima kabla hujaongeza ya pili, hata kama mikono inakuwasha kuongeza. Jaribio ni hili: mwambie achague sentensi fupi ya mwendo, aicheze mara tatu kaipa kompyuta mgongo, wewe funga macho usikilize. Kama mara zote tatu unasikia sentensi ileile, na ya nne ukimwambia aicheze kwa hasira unasikia hasira, ongeza sauti ya pili. Kama husikii, rudi kwenye vizingiti, dansa mwache apumzike.